Bendera ya Darasa Lisiloumia

Siku Mama Plasta alipokwenda kuomba kazi shuleni, Mwalimu Mkuu alimfungulia stoo ya mafagio akasema, "Hiki ndicho chumba cha huduma ya kwanza." Mama Plasta alichungulia, akapima kwa macho. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka kumi na miwili, akajifunza kufunga vidonda kwa kuwatazama wauguzi mpaka wakampeleka kozi. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia halikuwa jambo geni kwake.

"Mafagio yatoke," alisema, "na sinki liingie."

"Sinki litaingia, dada. Mafagio hayana pa kwenda."

Heri nusu shari kuliko shari kamili, akakubali. Alipewa mkataba wa muhula mmoja. Muhula ukazaa muhula, na miaka tisa baadaye alikuwa bado anasaini karatasi ileile kila shule inapofunguliwa, kama mpangaji asiyeaminika.

Kazi haikubadilika. Kengele ya mapumziko inalia, na kabla hajameza chai yake foleni imeshafika mlangoni: magoti, vidole vilivyobanwa na mlango, paji la uso lililokutana na paji la uso. Kila mmoja alimwandika daftarini: jina, kidonda, saa, na aliletwa na nani. Safu hiyo ya mwisho aliichora mwenyewe kwa rula. Wengi waliletwa na wenzao, mmoja kashika bega, mwingine kabeba kiatu. Wachache aliwaandika "peke yake", na hao wachache ndio waliojaza nusu ya kurasa. Aliyewaongoza wote ni msichana wa darasa la nne waliyemwita Nyigu.

Nyigu hakuwa mtoto mbaya. Ila kungoja ndiko hakukujua. Foleni ya bomba aliikata katikati, kamba ya kuruka aliidaka ingali inazunguka, huku akicheka. Wenzake wakimwona anakuja, wanatawanyika. Naye huwafuata mbio, na anayewakimbilia watu wanaomkimbia akijikwaa hana wa kumdaka.

"Leo nani?" Mama Plasta alimuuliza siku moja akimimina spiriti kwenye pamba.

"Ukuta."

"Ukuta ulikufuata, au wewe uliufuata?"

"Tulikutana njiani, Mama."

Muhula uliofuata Mwalimu Mkuu aliingia stoo, akafungua daftari, akashika kichwa. "Majeraha mia mbili na kumi na moja! Mkaguzi akiliona hili atadhani tunafundisha ndondi."

"Si mimi ninayewaangusha, Mwalimu."

"Najua. Lakini yakipungua nusu kabla hajaja, nakuandikia barua ya ajira ya kudumu."

Mtu wa miaka hamsini na minne, ambaye miguu yake huvimba kila jioni, haambiwi hilo mara mbili. Mama Plasta aliwaza siku mbili, ya tatu akaja na dawa yake: bendera. Kipande cha shuka la bluu, kikae wiki nzima mlangoni mwa darasa lenye majina machache zaidi daftarini. Hapo ndipo alipokosea. Alizoea kupatana na watu wazima, akasahau kwamba watoto ni walanguzi kuliko wao.

Wiki ya kwanza foleni ilipungua. Ya tatu, alikunywa chai ingali moto. Ya tano, siku nzima hakuja mtu. Akavua viatu, akainua miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasinzia. Asubuhi mstarini Mwalimu Mkuu alimsifu mbele ya shule nzima. Bendera ilikuwa imeganda darasa la nne, darasa la Nyigu. Mama Plasta, ambaye hanunui hata nyanya bila kuigeuza, hilo hakuligeuza. Alikuwa amechoka mno.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alipita mlangoni mwa darasa hilo akielekea chooni. Wasichana wawili walisimama pale wamekunja mikono. Ndani, Nyigu alikaa dawati la nyuma.

"Mnalinda nini hapa? Benki?"

"Shikamoo, Mama Plasta," alijibu kiranja, mtoto mwenye sauti ya mama mkwe. "Nyigu anapumzika."

"Marahaba. Nyigu, inua mkono huo."

Mkono wa kushoto ulikuwa umefichwa ndani ya sweta. Haukuinuka.

"Hajaumia," kiranja akawahi. "Ameulalia vibaya."

"Ameulalia, au ameuangukia?"

Kisha kiranja akanong'ona, kama muuzaji anayetaja bei ya mwisho: "Akitoka nje anaumia, na sisi anatuumiza, tunakosa bendera. Ndiyo maana hatumtoi. Juzi alitaka kupita kwa nguvu, tukamvuta, akadondokea kizingiti. Tukamwambia akija kwako hatumsemeshi tena."

Mama Plasta alimgeukia Nyigu. "Nawe ukakubali?"

"Walikuwa wananisemesha, Mama."

Hospitalini walikuta kiwiko kimepasuka. Daktari alisema kingefika Jumanne kingenyooka. Sasa hakitanyooka chote. Bibi yake Nyigu hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kumbe tangu juzi?"

Jioni ileile Mwalimu Mkuu alikuwa anamngoja ofisini. "Andika ameangukia nyumbani. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Barua yako hii hapa, imebaki sahihi."

Mama Plasta alivuta kiti bila kukaribishwa. Jina lake lilikuwa limechapwa vizuri, bila kosa hata moja.

"Huko nyumbani kuna bibi, Mwalimu. Nikiandika nyumbani, nimemwandika yeye."

"Basi andika utakavyo. Lakini sisaini."

"Usisaini. Nitaandika ni shuleni, Jumanne, na bendera ni wazo langu. Wewe sikutaji. Kwa hilo nataka walimu wawili uwanjani kila mapumziko, na Nyigu awe na zamu kwenye kamba kama wenzake, mwalimu akihesabu."

"Mmoja."

"Wawili. Mkaguzi akiniuliza wazo langu lilipitishwa na nani, mdomo nina mmoja tu, ila unafunguka."

Mwalimu Mkuu alikunja barua, akaitia kwenye droo. "Wawili, basi."

Mkaguzi alisoma, akatikisa kichwa, akaacha onyo la maandishi. Mwalimu Mkuu alibaki kwenye kiti chake. Darasa la nne walililia bendera siku moja, ya pili wakasahau. Nyigu, plasta ngumu ilipotolewa, alipewa zamu yake. Siku nyingine aliingoja, siku nyingine alishindwa, na rafiki hasa hakupata, ila mlangoni hakuna aliyemzuia tena. Kiwiko kilibaki kimepinda kidogo.

Foleni nayo ilirudi, si ndefu kama zamani, lakini ya kutosha kupoza chai. Shule ilipofunguliwa Mama Plasta alisaini tena muhula mmoja. Mmoja wa wale walimu wawili alikuwa ameshaanza kuchelewa kufika uwanjani, ikabidi Mama Plasta akamgongee mlango wa ofisi ya walimu.