Taa Nilifunga Mwenyewe, Lawama Nikambebesha Mtani

Niseme mapema kabla hamjaanza kunihurumia: kosa ni langu lote. Hakuna rafiki mbaya aliyenishawishi, na pombe sinywi. Ni mdomo wangu tu, na taa mbili za spoti.

Mimi ni dereva bodaboda hapa Shelui. Ni Mnyiramba, na hilo nalitaja kwa sababu bila hilo hamtaelewa nilivyoharibu. Pikipiki si yangu, ni ya mjomba, na mjomba wangu akisema jambo hujibizani naye. Aliponikabidhi alinipa sharti moja: mambo ya waya asiguse mtu mwingine ila fundi Jumanne. Hilo si jina lake halisi. Nimemficha, maana aibu niliyompa inatosha.

Fundi Jumanne ni Mnyaturu wa upande wa Ikungi. Alikuwa na kibanda cha mabati jirani na mashine ya kusaga, na kwenye umeme wa pikipiki hakuwa na mpinzani. Pikipiki imegoma siku tatu, yeye anashika waya mmoja tu, inaitika. Na kwa kuwa sisi na Wanyaturu ni watani, kila nikipita kwake ilikuwa vita ya maneno. Ananiambia Wanyiramba tulipewa pikipiki kabla hatujajifunza baiskeli. Namjibu kwamba kwao Ikungi taa ya kwanza waliiona walipokuja Shelui. Tunacheka, naondoka zangu.

Sasa siku moja nimenunua spoti zangu mbili, nyeupe, kali. Wenzangu wa kijiweni walikuwa nazo na mimi sina, ikawa inaniuma. Nikampelekea fundi. Akazigeuza mkononi, akasema, "Acha pikipiki mpaka kesho. Hizi zinakula umeme. Zinataka waya mnene wake peke yake kutoka kwenye betri, zinataka fyuzi, na rilei ya kubeba mzigo ili swichi yako isiungue. Nikikufungia harakaharaka utaniletea majivu."

Mpaka kesho! Mimi nilitaka jioni hiyohiyo nipite kijiweni nimewasha. Nikamwambia nitarudi, nikaenda nyumbani, nikafungua simu, nikaangalia video ya jamaa anafunga taa huku anapiga mluzi. Nikasema kumbe ndiyo hivi tu.

Waya nilitoa kwenye spika ya redio mbovu. Fyuzi sikuweka. Rilei nilijua ni mbwembwe za mafundi. Umeme nikaudokoa kwenye waya wa taa kubwa, nikasokota, nikazungushia selotepu ya karatasi, ile ya kufungia zawadi. Nikawasha. Jamani, ziliwaka! Ukuta wa jirani wote ukawa mweupe.

Kesho yake mjomba akaziona. "Nani kafunga?" Nikamwambia, "Fundi Jumanne, mjomba." Akatikisa kichwa ameridhika, akaenda zake. Uongo wenyewe ulikuwa mwepesi vile, wala sikuuhisi ukitoka.

Zikadumu wiki na siku kadhaa. Mimi nilikuwa naziwasha hata mchana kweupe, kama mkuu wa msafara. Siku moja nimembeba mama mmoja mwalimu, anatoka gulioni, kapakata dumu la mafuta ya alizeti. Tumeingia barabara ya vumbi, akaanza, "Kijana, kuna kitu kinaungua." Nikamwambia wanachoma takataka mashambani. Tumeenda kidogo, "Kijana, hizo takataka zinatufuata?" Kabla sijamjibu nikaona moshi unatoka chini ya tangi. Mwalimu hakungoja nisimame. Aliruka na dumu lake kifuani, na hakumwaga hata tone, mpaka leo namheshimu. Tukauzima moto kwa mchanga, mimi kwa mikono miwili, yeye kwa kiatu. Waya zote za mbele zilikuwa zimeyeyuka zikawa kitu kimoja.

Nikasukuma pikipiki mpaka kwa mjomba. Njiani nilikuwa na muda wa kutosha wa kuamua kusema ukweli, na niliamua karibu mara nne. Nilipofika mjomba akatazama ule uchafu, akaniuliza, "Jumanne ndiye kafanya hivi?" Nikasema, "Ndiyo, mjomba." Yaani ningekuwa nimesema hapana tu, nisingekuwa naandika haya. Mjomba pikipiki akaipeleka kwa fundi mwingine, ikafungwa waya mpya, nikarudi barabarani.

Kijiweni ndiko nilikomaliza kazi. Wenzangu wananiuliza imekuwaje, na mimi nina hamu ya kuchekesha. Nikawaambia, "Mnyaturu ukimpa waya anadhani ni kamba ya ng'ombe. Kaifunga vizuri kweli, ng'ombe hatoroki, ila taa ndiyo imeungua." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikaona utamu. Kesho yake nikaongeza jingine. Ikawa kila anayefika kijiweni ananiomba nisimulie ya fundi na kamba ya ng'ombe, na mimi nasimulia, kila siku na chumvi yake.

Fundi akasikia, akaja. Mtu mwingine angekuja na spana mkononi. Yeye alikuja mikono mitupu, akasimama katikati yetu, akatupiga utani wa Wanyiramba mpaka tukashika mbavu. Alijua akikasirika atachekwa zaidi, maana mtani hakasiriki. Kisha akanishika bega akanivuta pembeni. Akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, mimi nitanie kabila, nitanie kichwa changu, nitanie na mkwe wangu ukitaka. Kazi yangu usinitanie. Unajua sikufunga mimi. Waambie wenzako."

Nikamwambia, "Nitawaambia kaka, kesho." Akasema haya. Kesho hiyo sikusema, wala ya pili yake.

Wateja wakaanza kupungua. Hakuna aliyemsusa kwa hasira, ndiyo ubaya wake. Walikuwa wanacheka tu, kisha pikipiki wanapeleka kwingine. Nilikuwa nikipita pale mashineni namwona amekaa kwenye benchi anafuta spana ambazo hazijachafuka. Ananipungia mkono, nami napungia, napiga honi, nakimbia. Baada ya kama miezi mitatu hivi, kibanda kikawa wazi, mabati yameng'olewa. Nikasikia amehamia Mitundu, kule upande wa Itigi, na mke na watoto.

Jioni moja mjomba amekaa nje, akasema, "Afadhali yule mharibifu kaondoka. Mimi mwenyewe niliwaambia watu wasimpelekee kitu." Nikainuka nikaingia ndani. Mzee wa watu ambaye hajawahi kumsingizia mtu, nimemfanya mwongo pasipo yeye kujua. Usiku ule usingizi sikuuona.

Asubuhi nikaenda kijiweni, nikasimama, nikasema, "Jamani, zile taa nilifunga mimi. Jumanne hakuzigusa."

Wakacheka.

Nikarudia. Nikawaeleza waya wa spika, nikawaeleza selotepu. Wakazidi kucheka. Mmoja akasema, "Leo umemkumbuka mtani wako umeamua kumtetea." Mwingine akaniambia nirudishe ile ya kamba ya ng'ombe, hii mpya haijakolea. Nikaanza kuapa, nao wakaona ndiyo sehemu tamu ya hadithi. Nilikuwa nimewazoesha miezi yote kwamba nikitaja jina la fundi ni wakati wa kucheka, na sasa ukweli wangu haukuwa na pa kuingilia. Nililia mle kijiweni, mtu mzima, na kuna aliyenipigia makofi.

Mjomba yeye hakucheka. Nilimpa shikamoo, nikamwambia yote nikiwa nimechuchumaa. Alinyoosha mkono. Kisha akasema, "Leta funguo." Nikampa. "Nenda Mitundu. Kwa miguu au kwa basi, hilo ni lako. Ukirudi ndiyo tutaongea habari ya pikipiki."

Nikaenda na jogoo kwenye kapu, kwa kuwa mtani aliyekosa haendi mikono mitupu. Basi mpaka Singida, jingine mpaka Itigi, kisha Mitundu, jogoo anawika kila tukisimama na abiria wananitazama mimi. Kumpata fundi haikuwa shida. Kule nako kila mtu anamjua.

Alinipokea vizuri mpaka nikaona vibaya. "Karibu Mnyiramba, umekuja mwenyewe au umeletwa na jogoo?" Mkewe akasonga ugali, tukala, fundi akanitania mchana kutwa. Nilipopata nafasi nikamwomba radhi. Akasema, "Nilikusamehe siku nyingi. Ningekuweka moyoni mpaka lini?" Nikamwomba basi arudi Shelui, nitasimama naye, nitamtafutia wateja mmoja mmoja. Akatabasamu. "Nirudi kufanya nini? Hapa wananiita fundi. Kule mimi ni kichekesho."

Alikuwa anafunga taa kwenye pikipiki ya mteja. Nikaona kila anapounga waya, akishamaliza kuviringisha tepu, anachukua uzi wa kijani wa cherehani, anauzungusha pale mara tatu, anakaza fundo, anakata kwa meno. Kila kiungo, hata kile kilichojificha ndani ambacho hakuna atakayekiona. Kule Shelui hakuwa na mtindo huo. Nikamuuliza uzi wa nini.

"Alama," akasema, bila kuinua macho. "Waya ikiungua, waangalie. Kama hakuna uzi wangu, sikufunga mimi." Akavuta kipande kingine akaendelea na kazi.

Nilikuwa nimeshasamehewa, na bado nilitamani ardhi inimeze. Kile kibunda cha uzi mfukoni mwake ni kazi yangu mimi. Fundi aliyeaminika kwa mkono wake tu, leo lazima abebe ushahidi.

Mjomba alinirudishia pikipiki baada ya muda. Spoti sijazifunga tena, natumia taa iliyokuja nayo. Kijiweni bado wanaisimulia ile hadithi, na sasa wapo vijana wanaoisimulia ambao fundi Jumanne hawajawahi hata kumwona.

Basi ndugu zangu mnaopenda kuchekesha kama mimi, mtanie mtu kwa kila kitu, lakini kazi ya mikono yake muiache. Na ukiharibu, sema ni wewe siku hiyohiyo, kabla watu hawajacheka. Wakishacheka, hata ukilia hawatakuamini.