Kiwanda Chenye Mawe Matatu

Mzee Tindo alikuwa fundi wa kuchonga mawe ya msingi, na kwa kiwanda kimoja tu cha juisi alishachonga matatu. Kiwanda chenyewe hata tofali moja hakina. Mwekezaji alitoka nchi jirani, mtu na pesa zake mkononi, lakini kila mheshimiwa aliyeingia madarakani alikataa mradi wenye jina la aliyemtangulia. Jiwe ling'olewe, vibali vianze upya, mwekezaji arudi nyuma ya foleni. Vyeo vikubwa, akili kisoda.

Watu walicheka, mzee hakucheka. Mwanawe wa pekee, fundi mitambo, alikuwa amevuka mpaka kutafuta riziki, akamwachia mzee mkewe na binti yake mdogo. Kiwanda kikisimama, kijana anarudi. Ndiyo maana kila jiwe mzee alilichonga kwa moyo mweupe, vumbi limemjaa puani.

Basi akaja mheshimiwa wa nne. Asubuhi, mbele ya wageni wenye tai, alisema jirani ni ndugu na mpaka ni mstari tu wa kwenye ramani. Jioni, jukwaani, akaapa kwamba jirani hapati hata shubiri ya ardhi yetu. Ulimi hauna mfupa. Makofi yalipigwa mara zote mbili, na mzee naye alipiga, aibu iliyoje. Kesho yake mwekezaji akafunga mkoba akaenda zake.

Mwaka haujaisha, kijana akapiga simu.

"Shikamoo baba. Nimepata kazi kiwanda cha juisi. Ni mwekezaji yuleyule, kajenga huku."

"Marahaba. Jiwe la msingi kachonga nani?"

"Hakuna jiwe, baba. Wamejenga tu. Nimepewa na nyumba. Nataka mke wangu na mtoto waje wiki ijayo."

Mzee akasema sawa mwanangu.

Siku ya safari, katibu wa mheshimiwa akabisha hodi. Jiwe la nne linatakiwa Ijumaa, kiwanda kinazinduliwa.

"Mwekezaji ni nani?" mzee akauliza.

"Wa nini?" katibu akashangaa. "Kamera zipo, wananchi wapo."

Mzee akamfungia mlango, akarudi ndani kumshikia mkwewe begi, maana zipu ilikuwa haifungi.