Programu Iliyosimama Katikati ya Kazi

Kiwanda chetu cha minofu ya sangara kilikuwa kando ya ziwa, Mwanza, na kompyuta yake ilitumia programu niliyoiandika mimi. Kazi yake ilikuwa kukataa samaki waliokaa mno tangu kushushwa mwaloni, kwenye ufuko wa kupokelea mitumbwi. Asubuhi ya kwanza kutumika, ilikataa mzigo wote uliotoka mwalo wa Kamanga.

"Msomi, hebu nusa mwenyewe!" msimamizi wa mapokezi ya samaki aliniita. "Huyu ameoza wapi? Usipoirekebisha kabla barafu haijayeyuka, tunarudi kwenye pua zetu."

"Nipe muda kidogo, mama."

Nilikuwa na disketi niliyopewa na rafiki wa chuoni, yenye zana ya kukagua programu. Sikuwahi kuijaribu. Programu isome programu nyingine? Niliona ni uganga tu. Lakini kutafuta kosa kwa macho kulinishinda, nikaichomeka.

Programu yangu ikaanza kutembea mstari mmoja mmoja, ikisimama nilipoiamuru, na pembeni zikaonekana namba ilizobeba. Nilikuwa kama ninamtazama mtu akiwaza. Kwenye saa ya kushushwa samaki palikuwa na mbili. Karani aliingiza saa mbili asubuhi, kama sote tusemavyo. Mashine, inayohesabu kuanzia katikati ya usiku, ilielewa saa nane usiku.

Nikaiagiza iongeze sita. Samaki wakapita.

"Haya, tupishe tufanye kazi," mama akasema.

Nilimwomba dakika moja zaidi. Kosa lilikuwa limekwisha. Nilitaka tu kuiona ikitembea tena.