Jumapili Niliyochukua Maikrofoni ya Mjomba

Nilirudi Tabora na stashahada ya ufundi wa elektroniki, na sikubebwa na mtu kuipata. Ada ya chuo niliitafuta mwenyewe Dar es Salaam kwa kutengeneza redio za watu. Nikafungua duka langu Kanyenye, na hadi leo amplifaya ikiwashinda mafundi wengine huletwa kwangu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yamenijaa kichwani Jumapili ile.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na banda la video Mtendeni. Watu walitoka kanisani moja kwa moja kuja kutazama filamu mbili kwa kiingilio kimoja, zile za mapanga na mazimwi, ambamo mtu mmoja anamaliza jeshi zima na shati lake halijachomoka. Lakini hasa walimfuata mjomba, aliyekaa kando ya skrini na maikrofoni, akitafsiri. Kiingereza hakujua. Jumamosi aliitazama filamu peke yake, sauti akiwa ameizima, na kesho yake alikuja na hadithi yake mwenyewe.

Siku ile filamu ya kwanza ilikuwa ya shujaa mwenye shoka linalopasua milima. Kwa mjomba, askari wa shujaa wakawa wapagazi waliochoshwa na pembe za ndovu tangu Ujiji, na joka likawa limekuja kuchoma mabani ya kukaushia tumbaku Ulyankulu.

"Shikamoo, joka!" alisema kwa sauti ya shujaa.

"Marahaba!" banda zima likaitikia.

"Bani langu usiliguse, wewe!" mama mmoja mkulima akapiga kelele, watu wakacheka hadi mabenchi yakalia.

Baadaye mfalme mzee, akiwa anakata roho, akamshika shujaa mkono. Mjomba akashusha sauti: "Mwanangu, umekula?"

Yule mama akajifuta macho kwa kanga. Mimi nikacheka.

"Mjomba, hajasema hivyo."

"Kasemaje?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Nikasimama. Nikaeleza kwamba mfalme kasema huyo si mwanawe, alimwokota vitani. Kwa kuwa walikuwa wananisikiliza, nikaongeza na mengine: hakuna wapagazi humo, wala Ujiji.

"Kumbe miaka yote unatupiga kamba, mzee!" jamaa mmoja akadakia. Watu wakacheka tena, ila safari hii mjomba hakuwa akicheka nao.

Hakukasirika. Filamu ilipoisha alininyooshea maikrofoni. "Haya, msomi. Ya pili ni yako."

Ningeweza kukataa. Nikaipokea.

Ya pili ilikuwa ya malkia anayepanda ndege wa moto. Nilitafsiri kila sentensi na sikukosea hata moja. Tutashambulia alfajiri. Lango la mashariki limeanguka.

"Huyo malkia kwao wapi?" yule mama aliuliza.

"Haijaelezwa."

"Mwenzio angetuambia."

Kabla ya vita vya mwisho nusu ya mabenchi yalikuwa matupu. Nilidhani mambo yameishia hapo: nimeshindwa, na mjomba atarudi kwenye kiti chake. Kweli, Jumapili iliyofuata alirudi. Lakini kila alipofungua mdomo, mtu alipaza sauti, "Hajasema hivyo!" Walikuwa wanamtania tu, tena kwa mapenzi. Yeye alisita, akawatazama wale watu kwenye skrini kana kwamba nao wangemsuta. Baada ya Jumapili tatu alifunga banda, akahamia Ulyankulu kulima.

Nimetengeneza spika nyingi zilizokufa, nikadhani na sauti ya mjomba nitaiweza. Mwezi uliopita nilimfuata na kompyuta yangu, nikaiweka barazani kwake juu ya kigoda, nikafungua filamu ile ya shoka na kuzima sauti. Alitazama huku akimenya karanga. Wapagazi wakapita. Joka likapita. Yeye akatupia karanga nyingine kwenye ungo. Mfalme akamshika shujaa mkono.

"Anasemaje huyo?" mjomba akauliza.

"Sijui, mjomba."

"Wewe unajua," akasema, akavuta ungo karibu, akaendelea kumenya.