Nyuma ya Turubai Kulikuwa na Karakana Yangu

Mama mkwe wangu alitema tonge la ugali mbele ya wageni, na sembe nilikuwa nimeileta mimi.

Ilikuwa arubaini ya baba mkwe, kijijini Marambo, mwaka 2003. Nilikuwa nimeshusha mfuko wa kilo hamsini kwa mbwembwe zote, mkwe mwenye kazi kiwandani bwana!

Watu wakaanza kula. Kach! Kila anayetafuna anashika shavu.

"Kuna mchanga humu," akasema shemeji yangu Nurdini.

Jamani, aibu! Nikaropoka: "Ni yule Scholastika, mfungashaji wetu. Anachanganya mchanga aongeze uzito."

Uongo mtupu. Nilitaka tu macho ya watu yaniondokee.

Maneno yakafika kiwandani kwetu Nachingwea kabla yangu. Jumatatu bosi akamfukuza Scholastika. Nilikuwepo, nikajifanya nakaza bolti.

Mimi ndiye nilikuwa fundi wa mashine. Sembe yetu ililiwa hadi Ruangwa, na karakana yangu ilitenganishwa na chumba cha kufungashia kwa turubai tu. Scholastika aliniambia mara tatu: "Baba Tunu, hamia nyuma ya ghala. Ukiwasha grenda, vyuma vinaruka mpaka kwenye unga."

"Kule jua kali, dada. Hapa nina kivuli na feni."

Wiki mbili baada ya arubaini, mama mkwe akaniita pembeni. Akafungua pindo la khanga. Kulikuwa na kichembe, na khanga imeshika doa la kutu.

"Ndicho nilichotema," akasema taratibu. "Mchanga haupati kutu, mwanangu. Sikutaka kukuumbua mbele ya watu. Huyo mama wa watu umemfanya nini?"

Mwanaume mzima, nikalia mbele ya mkwe.

Nikaenda kumwambia bosi ukweli, kisha nikaendesha baiskeli hadi Naipingo. Nikapiga magoti uani kwa Scholastika.

Hakunitukana. Aliingia ndani, akatoka na sumaku ya spika ya redio mbovu.

"Hii nilikuwa naipitisha kwenye unga kila siku, kabla sijafunga mifuko. Vyuma vyako navitoa kiganja kizima. Nilishachoka kukwambia."

"Sasa ule mfuko wa Marambo..."

"Ule aliufunga nani, Baba Tunu?"

Niliufunga mwenyewe, harakaharaka, yeye akiwa ameshaenda nyumbani.

Bosi alimwomba arudi. Akakataa, na sikumlaumu. Karakana ikahamishiwa nyuma ya ghala, kwenye jua lile lile.

Ndugu zangu mnaofungua viwanda vya chakula, fundi mpeni banda lake mbali kabisa na unga. Turubai halizuii kitu. Na mkikosea, semeni ni nyinyi kabla hajaumia mwingine.

Mimi hadi leo, ugali ukitengwa ukweni, hakuna anayegusa. Wanasubiri kwanza nitafune mimi.