Dodoki la Asubuhi ya Maulidi

Harufu ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa inanipandisha hasira mpaka leo. Kwetu Zinga, bibi yangu alinisugua kila wiki kwa dodoki na maji hayo ya moto, akipambana na madoa ya kahawia yaliyonijaa mgongoni, tumboni, shingoni na mikononi tangu sijaanza kutembea. Kila doa lililosuguliwa lilivimba, likawa jekundu na kuniwasha hadi nalia. "Tulia mjukuu wangu, uchafu ndio huo unatoka," alisema, akazidi kusugua.

Nilipokuwa na miaka minane nilichaguliwa kuongoza kaswida kwenye Maulidi ya madrasa. Asubuhi ya siku hiyo bibi alinisugua mara mbili, maana alitaka ning'ae, akanivika gauni jeupe. Tulipofika, shingo na mikono vilikuwa vimeumuka kama maandazi. Ustadhi alinitazama kwa mbali. "Bibi, mtoto ana upele huyu, atawaambukiza wenzake. Mrudishe nyumbani." Hakuuliza hata swali moja. Nilirudi huku nikisikia mtoto mwingine akianza kaswida yangu, na tulipofika nyumbani bibi akateleka tena ule mwarobaini.

Mwaka uliofuata, baada ya dawa nyingi za upele zisizosaidia kitu, bibi alinipeleka kwa daktari wa ngozi mjini. Yeye aliuliza, "Ukilisugua doa, linakuwaje?" Akasugua moja kwa kifuniko cha kalamu, likavimba pale pale. Akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, na majibu yakathibitisha: mastositosisi ya ngozi. Seli fulani za kinga zimerundikana kwenye ngozi, na zikichokozwa humwaga kemikali inayowasha. Haiambukizi. Kwa mtu mzima huweza kufika hadi kwenye uboho wa mifupa, lakini ya utotoni mara nyingi hufifia kabla ya utu uzima.

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa namuumiza?" bibi aliuliza. Alilia njia nzima, na dodoki akalitupa jalalani.

Bibi nilimsamehe siku ile ile. Ustadhi, hapana. Sasa madoa yamefifia, nina ngozi kama ya mtu yeyote, na tukikutana ananiitikia "marahaba" kwa bashasha, kama vile hakuna kilichotokea. Hajawahi kuniomba radhi. Kaswida ile ninaijua yote, ubeti kwa ubeti, na sijawahi kuiimba mbele ya mtu.