Kengele ya Mlango wa Mbele

Asubuhi niliyoondoka Kianjokoma, shangazi yangu alikuwa akipalilia viazi nyuma ya nyumba. Nilikuwa nikikaa kwake tangu nilipoacha shule, naye alishazoea kuniona nikivaa viatu bila sababu.

"Unaenda wapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Naenda kuona."

"Kuona nini?"

"Sijui bado."

"Haya. Ukikiona, kiulize kama kina chakula cha mchana."

Tuliagana hivyo. Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, wazungu wengi wa mashamba ya huko juu wakiwa wameuza na kwenda zao, na kila lori lililopita barabarani nililiona kama linajua jambo nisilolijua. La kwanza kusimama lilikuwa linaelekea Meru. Kama lingekuwa linaelekea Kitui, leo ningekuwa naandika habari za Kitui.

Meru nililala juu ya magunia matupu. Kesho yake dereva mwingine alinichukua hadi Timau, akisema anataka mtu wa kuzungumza naye asisinzie njiani. Kabla hatujafika nusu ya safari aliniomba ninyamaze.

Timau ilinishangaza kwa baridi. Jua lilikuwa juu kabisa lakini meno yangu yalikuwa yakigongana. Niliingia kibanda cha chai, nikamuuliza mama aliyekuwa akipika mandazi mahali ninapoweza kulala.

"Vyumba vya kulala vya lojing vimejaa wavunaji wa ngano," alisema. "Jaribu kule kwa mzungu." Alionyesha kwa mwiko paa jekundu katikati ya miti.

"Mzungu yuko?"

"Alienda zamani."

"Sasa ni kwa nani?"

"Si nimekwambia? Ni kwa mzungu."

Nikaenda bila kuelewa. Ilikuwa nyumba ndefu ya mawe yenye mabomba mengi ya moshi, na veranda iliyozunguka kama mkanda. Ilikuwa hoteli ya wazungu zamani, walipokuwa wakisafiri kwenda kaskazini au wakija kuuza ngano yao. Mbele palikuwa kimya, milango imefungwa. Nyuma palikuwa na moshi. Mimi nina tabia ya kufuata moshi.

Nilimkuta mzee mrefu mwenye koti la jeshi akichochea moto chini ya pipa kubwa lililolazwa juu ya matofali. Aliponiona, alidondosha kuni.

"Umekuja!" alisema. "Umechelewa, lakini umekuja. Shoka lile pale. Maji yakichemka unafungua huku. Usifungue huku, utaungua. Mfuko wako uweke kwenye kile chumba cha mbao cha mwisho."

"Mzee, mimi..."

"Lori la ngano linaondoka likishajaa. Nikilikosa nimekwisha."

Aliniambia yote huku mimi nikiweka mfuko na yeye akikunja blanketi. Kwao ni Mbeere, chini kwenye joto. Kamati ya ardhi ilikuwa imefika kwao na wapimaji, wanagawa mashamba, na kila mtu alitakiwa asimame kwenye mpaka wake. Asiyesimama, wa kumsemea hakuna. Watoto wa ndugu yake walishaanza kusema kwamba yeye amekuwa mtu wa baridi, hana haja na shamba. Zamu ya kwao ilikuwa kesho kutwa. Mwenye hoteli, tajiri fulani aliyeishi Nairobi, alikuwa ameahidi kuleta mtu wa kumshikia nyumba, na huyo mtu hakuonekana.

"Kwa nini usifunge tu uende?" niliuliza.

"Nikiiacha tupu, nikirudi nitakuta wameiba kila kitu, yamebaki mawe. Na ataulizwa nani? Mimi."

Hapo ndipo nilipopata nafasi. "Mzee, mimi sikutumwa. Mimi natafuta pa kulala. Ni mgeni."

Alinitazama kutoka viatu hadi kichwa, kisha akatazama mlango wa jikoni niliokuwa nimesimama karibu nao.

"Mgeni?"

"Ndiyo."

"Mgeni hupita mbele."

"Lakini wewe uko huku."

"Mgeni hupita mbele, anapiga kengele, anangoja. Anayepita nyuma ni mtu wa kazi. Hata dereva wa mzungu alipita nyuma, akalala kule kwenye chumba cha mbao na blanketi lake mwenyewe." Aliokota shoka. "Amua wewe ni nani."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, ingawa uso wake ulikuwa wa mtu anayeona lori lake likiondoka. Basi, sijui ni kwa nini mpaka leo, nilizunguka nyumba nzima, nikapanda ngazi za mbele, nikavuta kamba ya kengele. Ililia ndani sana. Nikangoja. Nilingoja hata nikaanza kufikiri amekwenda zake Mbeere akaniacha pale kwenye veranda.

Mlango ulipofunguka, sikumjua. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, mshipi mwekundu kiunoni na kofia nyekundu yenye kishada. Koti la jeshi halikuwepo.

"Karibu, bwana," alisema, kama mtu ambaye hajawahi kuniona. "Safari ilikuwa njema?"

"Mzee, ni mimi."

"Mzigo wa bwana uko wapi?"

"Umeniambia niuweke kule nyuma!"

"Utaletwa."

Alinipitisha kwenye ukumbi wenye viti vya ngozi vilivyopasuka na mahali pa kuota moto ambapo ndama angeweza kulala. Alinionyesha chumba chenye kitanda kirefu na mashuka meupe. Aliniletea mfuko wa mpira wenye maji moto, akauingiza chini ya blanketi upande wa miguu. Nilitaka kujua kila kitu. Niliuliza ni nani aliyelala pale, walikula nini, kwa nini chai ililetwa kitandani alfajiri kana kwamba wote ni wagonjwa. Alijibu kwa ufupi, akiwa wima. Nilipouliza kama mtu mweusi aliwahi kulala humo, alinyoosha shuka.

"Baada ya uhuru alikuja mmoja, mkubwa wa serikali. Alisimama pale nje na suti yake, hakujua kama kengele ni ya kuvuta au ya kusukuma. Mimi nilikuwa ndani namwona."

"Ukamfungulia?"

"Alipoivuta."

Nje, upande wa barabara, tulisikia watu wakipiga kelele za kupakia magunia. Mzee alivua kofia. Alipoivua akawa tena yule wa nyuma, mzee mwenye haraka na macho yaliyochoka.

"Kijana," alisema, na lile neno bwana likawa limekwisha, "wewe hukutumwa, nimeelewa. Lakini leo hakuna mwingine. Nishikie nyumba mpaka nirudi. Utalala hapa, utakula kilichoko jikoni."

"Hunijui hata jina."

"Mwizi asingerudi mbele kupiga kengele."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi sijawahi kukaa mahali mpaka mtu akarudi, kwamba shangazi yangu angecheka mpaka adondoshe jembe. Badala yake niliuliza, "Na wakija wageni?"

"Vaa hii." Alivua kanzu akanipa ikiwa bado na joto la mwili wake, kisha akaweka funguo juu yake. Zilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. "Wakija nyuma, usivae."

Alitoka kupitia jikoni, na koti lake la jeshi begani, akazunguka nyumba mpaka barabarani. Nilimwona kutoka dirisha la chumba cha wageni akipanda juu ya magunia, amekaa kama mtu anayekwenda kwenye harusi. Hakugeuka. Baadaye sana, mwenyewe alikuja kunisimulia kwamba aliwakuta wapimaji bado wako kwa jirani, na watoto wa ndugu yake wameshasimama kwenye mpaka wake, akawaambia wampishe.

Lakini jioni ile nilikuwa sijui lolote kati ya hayo. Nilikuwa na nyumba ya vyumba vingi na sikujua mimi ni nani ndani yake. Viatu vyangu vilikuwa chini ya kitanda chenye mashuka. Mfuko wangu ulikuwa bado kwenye chumba cha mbao. Nilipasua kuni kama nilivyoagizwa, nikawasha tena moto chini ya pipa, nikafungua huku na si huku. Maji yalipotoka yakifuka mvuke, nilijaza ndoo, nikapita mlango wa jikoni, nikavuka ukumbi polepole nisimwage, nikafika kwenye chumba kile cha mbele nilichopewa kulala.

Nikaweka ndoo chini, nikagonga mlango, nikangoja anijibu aliyemo.